Baba Wawili na Santuri Zilizosahauliwa

Juma hili tuzungumze juu ya santuri zilizokufa zikafufuka. Msicheke. Santuri za namna hiyo zipo, na habari zake zawahusu baba, mama na watoto wa kila kijiji, hata kijiji ambacho hakijapata kuona gramafoni.

Kwanza yafaa mjue ni santuri gani. Kwa desturi mwimbaji huitwa na kampuni. Kampuni humnasa sauti, hutengeneza sahani, huzipeleka madukani na kwenye redio, kisha huchukua sehemu kubwa ya faida. Lakini huko Marekani, zaidi miaka ya 1960 na 1970, walikuwako watu wengi ambao hawakuitwa na kampuni yo yote. Wengine walikuwa wakulima, wengine vijana wa shule, wengine waimbaji wa makanisa. Hao walitoa fedha zao wenyewe, wakaenda kiwandani na ukanda wa nyimbo zao, na kiwanda kikawashindilia sahani mia chache au elfu moja. Kisha walijiuzia wenyewe, mlangoni pa ukumbi wa dansi au kwa majirani. Zile zisizonunuliwa zilitiwa katika masanduku, zikakaa darini na panya.

Siku hizi yako makampuni madogo yanayozitafuta sahani hizo, kuwatafuta wenyewe na kuzitoa upya. Moja yaitwa Light in the Attic, yaani Taa Darini. Ilianzishwa mwaka 2002 katika mji wa Seattle. Nataka niwaeleze santuri mbili zilizotolewa upya na kampuni hiyo, kwa sababu nyuma ya kila moja alikuwako baba mwenye watoto.

Baba wa kwanza ni Bwana Don Emerson. Alikuwa mkulima katika kijiji cha Fruitland, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Wanawe Donnie na Joe walisaidia kazi za shamba kama vijana wote wa pale. Katika trekta la baba yao mlikuwamo redio, na vijana walipolima waliisikiliza mchana kutwa. Mahali pale palikuwa mbali na mji, tena hapakuwa na bendi wala mwalimu wa muziki wa kisasa. Redio ndiyo iliyokuwa shule yao. Polepole Donnie akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe, na Joe akapiga ngoma.

Baba alisikia, akaona kwamba mtoto ana kipaji kweli. Wako baba wengi ambao wangesema, “Acha kelele, nenda ukakamue ng'ombe.” Yeye hakusema hivyo. Alikopa fedha kwa rehani ya shamba, akajenga palepale shambani nyumba ya kunasia sauti, yenye vyombo kama vya mjini. Yasemekana gharama yake ilifika dola 100,000. Mwaka 1979 vijana wakatoa sahani yao, Dreamin' Wild. Walikuwa hawajatimiza miaka ishirini.

Je, watu waliinunua? La, hawakuinunua. Haikuwako kampuni ya kuipeleka redioni, wala mtu wa kuitangaza. Sahani zikabaki nyumbani. Lakini deni halikubaki nyumbani kulala. Deni hutembea usiku na mchana. Na miaka ile ya kwanza ya 1980 riba ya mikopo ilipanda sana katika Marekani, ikapita asilimia 15, na wakulima wengi walinyang'anywa mashamba yao. Bwana Emerson alikuwa na ekari 1,600 hivi. Mwisho alibakiwa na ekari 65 hivi.

Mkulima msomaji, simama hapo kidogo. Hesabu mwenyewe ekari ulizo nazo, kisha fikiri kuwapa watoto karibu zote kwa ajili ya nyimbo zisizonunuliwa. Wewe ungesema nini mezani jioni? Bwana Emerson hakuwalaumu wanawe. Hakuwaambia, “Tazameni mlivyoniponza.” Joe alibaki shambani. Donnie alikwenda Spokane, akaendelea kupiga muziki miaka mingi pasipo kujulikana.

Ikapita miaka karibu thelathini. Mwaka 2008 mkusanyaji mmoja wa santuri aliingia katika duka la vitu vikuukuu mjini Spokane. Akaiona sahani yenye picha ya vijana wawili waliovaa nguo nyeupe. Akainunua kwa dola 5. Alipoiweka chini ya sindano alistaajabu, akawaambia wenzake, nao wakawaambia wengine. Habari ikafika kwa watu wa Taa Darini. Wakawatafuta ndugu wale, wakapatana nao, na mwaka 2012 sahani ikatolewa upya. Watu wa nchi nyingi wakaisikiliza. Mwaka 2022 ikaonyeshwa sinema juu ya maisha yao katika tamasha ya Venice, nchini Italia.

Msije mkafikiri kwamba ekari zilirudi. Shamba likiisha kuuzwa limekwisha, na santuri chache haziwezi kulinunua tena. Jambo lililorudi ni jingine. Mzee aliyeonekana mpumbavu mbele ya majirani alipata kujua, angali hai, kwamba masikio yake hayakumdanganya. Na wana walioishi na mzigo moyoni kwamba wamekula mali ya baba yao waliweza kumtazama usoni.

Sasa msikilize baba wa pili, kwa maana huyu alikuwa wa namna nyingine.

Bwana Austin Wiggin alikaa katika mji mdogo wa Fremont, jimbo la New Hampshire, mashariki ya Marekani. Mama yake alikuwa akisoma viganja vya watu. Alimtabiria mwanawe kwamba atakuwa na mabinti, nao watapiga muziki katika bendi. Bwana Wiggin aliyashika maneno hayo kama amri. Mabinti zake, Dorothy, Betty na Helen, hawakuomba bendi. Baba aliwanunulia magitaa na ngoma, akawatoa shuleni, akawapangia saa za mazoezi kila siku. Aliwaita The Shaggs. Siku za Jumamosi walipiga katika ukumbi wa mji, na vijana wenzao waliwazomea.

Mwaka 1969 aliwapeleka kunaswa sauti, ingawa mafundi waliona wazi kwamba wasichana hawajawa tayari. Ngoma ilikwenda njia yake, magitaa njia yake, na sauti njia ya tatu. Zikatengenezwa sahani 1,000 ziitwazo Philosophy of the World. Kwa habari inayosimuliwa, 900 kati ya hizo hazikufika mikononi mwao kamwe. Mwaka 1975 baba akafa. Papo hapo mabinti wakaviweka vyombo chini. Hiyo yatosha kuwaambieni bendi ilikuwa ya nani.

Lakini sahani chache zilikuwa zimetoka, na mwaka 1980 ikatolewa upya na kampuni nyingine. Wako waliocheka, wakisema haijapata kuwako santuri mbaya kama hiyo. Wako waliosema wasichana hawa hawakumwiga mtu ye yote, na kwa hiyo wimbo wao ni wa kweli. Mwaka 2016 Taa Darini nao wakaitoa tena. Helen alikuwa amekwisha kufa, mwaka 2006. Dorothy na Betty walipata kupiga tena mbele ya watu, safari hii kwa hiari yao, na watu waliwapigia makofi.

Basi, wazazi, ni yupi kati ya baba hawa aliyewapenda watoto wake? Mimi nadhani wote wawili waliwapenda. Tofauti ni hii: Bwana Emerson alisikiliza kwanza, kisha akatoa. Bwana Wiggin alitoa kabla ya kusikiliza. Yule alifuata kipaji alichokiona ndani ya mtoto. Huyu alifuata ndoto yake mwenyewe na maneno ya mpiga ramli, akawavika watoto ndoto hiyo kama nguo isiyowaenea. Hata mzazi asiyemjua mwanamuziki ye yote anaweza kujipima hapo. Unamsukuma mwanao awe padre, mwalimu au daktari kwa sababu umemwona ana moyo wa kazi hiyo, au kwa sababu wewe wataka kuitwa baba yake daktari?

Hata kwa Bwana Emerson simsifu moja kwa moja. Kumsaidia mtoto ni vema, lakini kuweka rehani shamba linalolisha nyumba nzima ni jambo la kuamuliwa na nyumba nzima, kwa hesabu iliyoandikwa. Angejenga chumba kidogo kwanza, pengine ekari nyingi zingebaki, na nyimbo zingekuwa zilezile.

Sasa niwaeleze jinsi kazi ya kufufua inavyofanyika, maana yatufaa na sisi. Watafutaji hutaka kupata ukanda wa kwanza, ule ulionaswa siku yenyewe. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zimenata kwa unyevu. Ukizipiga hivyo, unga wa sauti hubanduka. Mafundi huzioka katika tanuri ya moto mdogo, nyuzi 50 na kidogo, saa kadha wa kadha, ndipo wanapozipiga na kuzihamishia katika kompyuta. Kama ukanda umepotea, hutafutwa sahani iliyo safi kuliko zote, ikaoshwa, na mikwaruzo hupunguzwa kwa mashine. Kisha hutengenezwa kalibu mpya ya chuma na sahani mpya hushindiliwa.

Lakini kazi ngumu kuliko hiyo ni kumtafuta mwenyewe. Kampuni yenye haki humtafuta mtunzi, au watoto wake kama amefariki, hutia sahihi naye mapatano, na kumlipa sehemu yake. Wako na wasio na haki. Hao hupata sahani kuukuu, huichapa kimya kimya na kula fedha yote, wakisema mwenyewe hajulikani. Kutojulikana kwa mtu hakumwondolei mali yake. Mbuzi asiye na mchungaji njiani bado ana mwenyewe.

Nanyi mtaniuliza, “Sisi na sahani za Marekani tuna nini?” Haya, nendeni mkatazame kabatini. Kwaya ngapi za vijiji vyetu zilinasa nyimbo zao katika kaseti, kwa fedha waliyochanga wenyewe, wakaziuza mlangoni pa kanisa? Hizo ni ndugu za sahani ya akina Emerson. Mtunzi labda alikuwa mwalimu wa shule aliyekwisha kufa. Sauti ya kwanza labda ni bibi yako alipokuwa msichana. Na kaseti yenyewe sasa iko wapi? Labda imerekodiwa juu yake mahubiri au mpira. Labda watoto wameuvuta ukanda wakafungia kishada.

Fanyeni basi mambo manne, na hayataki fedha nyingi.

La kwanza, itieni kaseti katika kasha lake, mbali na jua, moshi na unyevu. Sahani ya santuri isimame wima, isilazwe chini ya mzigo, maana hupinda.

La pili, vunjeni vile vijino viwili vidogo vilivyo nyuma ya kaseti. Vikiisha kuvunjwa, mashine haiwezi kunasa kitu kingine juu ya nyimbo zenu.

La tatu, andikeni. Wimbo ulitungwa na nani, waliimba akina nani, mahali gani, mwaka gani. Waulizeni wazee sasa, wangali wakikumbuka. Sauti isiyo na jina ni yatima.

La nne, mtafuteni kijana mwenye kompyuta au simu nzuri, aihamishe sauti, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Na akija mgeni akisema, “Nipeni, nitazitoa upya,” msikatae kwa hofu, wala msikubali kwa haraka. Mwambieni aandike: atafanya nini, atalipa nini, na majina ya nani yatachapwa. Someni mbele ya kwaya nzima kabla ya kutia sahihi.

Wasomaji wapenzi, hatujui ni wimbo gani utakaosikilizwa baada ya miaka thelathini. Bwana Emerson hakujua, wala yule mwenye duka la Spokane aliyeuza sahani ile kwa dola 5. Lakini jambo moja twalijua: wimbo uliofutwa hautasikilizwa na mtu. Jumapili hii mkirudi nyumbani, mwulizeni babu au bibi kama aliwahi kuimba mahali, na kama kaseti ipo. Kisha mpeni kiti, mwisikilize pamoja.