Mjue Fundi Kabla ya Kumkabidhi Nyumba

Ndugu zetu, wengi wetu hapa Handeni na Korogwe twatengeneza nyumba upya: huyu abadili paa, yule aongeza chumba. Ni jambo jema. Lakini mtu anunuaye ng'ombe huuliza siku tatu. Kwa fundi, salamu ya siku moja humtosha.

Nasi hatujitoi katika kosa hili. Tulipotaka kubadili paa letu tulimchagua fundi kwa kuwa alisali nasi safu ya mbele, tukampa fedha zote. Kenchi zilipinda, na masika yalipoingia watoto walihamisha mikeka usiku kucha. Ndipo jirani mmoja akatwambia kuwa yeye naye alifanyiwa vivyo hivyo. Alinyamaza akiogopa kusengenya, nasi hatukumwuliza.

Imepokewa kwamba mtu alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamwuliza: je, ni jirani yake, amesafiri naye, au ameamiliana naye kwa fedha? Alipokana yote, Umar akamwambia kuwa hamjui, huenda amemwona msikitini tu. Na katika Sura Al-Qasas, binti wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja nguvu na uaminifu. Nguvu za fundi ni ujuzi wake. Sala yake twaiheshimu, lakini sala si timazi.

Basi yatupasa twende katika nyumba aliyoitengeneza, iliyokwisha kupita masika mawili, tumwulize mwenyewe: je, haivuji? Alimaliza kwa wakati? Alirudi alipoitwa? Ikiwa kazi ni kubwa ya kupewa mkandarasi, tutazame kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya 1997. Nyumba mbovu huua: jengo la ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20.

Kisha mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyofundishwa juu ya deni katika Al-Baqara, aya 282. Na fedha zitolewe kwa kadiri kazi inavyokwenda.

Na aulizwaye aseme kweli. Fatima binti Qays alipomtaka Mtume (s.a.w.) ushauri juu ya waliomposa, alimweleza waziwazi aliyoyajua. Kumwonya atakaye shauri si kusengenya. Kunyamaza kwaweza kumbomolea nyumba.

Wabillahi taufiq.