Wati Elfu Kumi Kutoka Soketi Moja?



Tunaona familia nyingi zikichanga, baba anatoa chake na mama anatoa chake, kisha wanakwenda mjini kununua sinema ya nyumbani: spika, projekta, skrini na amplifaya. Nia ni njema kabisa. Watoto wakae na wazazi wao badala ya kuzagaa kwenye vibanda vya video. Hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni na namba zinazoandikwa kwenye maboksi, na wauzaji wanaomsomea mteja namba hizo kana kwamba ni kweli.

Boksi limeandikwa wati 10,000. Chini yake, kwa herufi ndogo, PMPO. Ndugu msomaji, PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda hujipangia chake. Geuza mtambo usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti. Mara nyingi utakuta unavuta wati 60, pengine 80. Sasa mtambo unaokula wati 60 utatoaje elfu kumi? Ng'ombe gani huyo, anywe ndoo moja akamuliwe mapipa mia! Kipimo cha kuulizia ni RMS, tena kwa chaneli moja, si jumla ya zote. Marekani waliwawekea wauza amplifaya kanuni juu ya jambo hili tangu mwaka 1974, na mwaka 2024 wakaikaza zaidi. Kupunja vipimo hakuko kwenye ratili ya sukari tu.

Na hata hizo wati za kweli zisikutie wazimu. Kutoka 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Usilipe bei mara mbili kwa ajili yake.

Halafu lipo hili la sabufa. Mtu ananunua sabufa kubwa kama kabati na vispika viwili vya mapambo. Ukuta unatikisika, lakini wanachosema kwenye filamu hakieleweki, basi anaongeza sauti, na ukuta unatikisika zaidi. Kwenye filamu za chaneli 5.1 maneno mengi hupitia spika ya katikati, ile ile ambayo watu huidharau. Sisi tunasema: fedha kidogo iende kwenye spika tatu nzuri za mbele, za nyuma zitafuata Mungu akijaalia. Sauti nzito haizuiwi kirahisi na ukuta wa tofali. Jirani ana mtoto mchanga, na ana alfajiri ya kuamkia.

Projekta nazo zina uongo wao. "Inakubali 1080p" maana yake inaipokea picha hiyo, kisha inaipunguza iingie kwenye uwezo wake, ambao huenda ni 800 kwa 480 tu. Uliza uwezo wake halisi. Mwanga uulize kwa ANSI au ISO, maana "lumeni" tupu za kwenye boksi ni ndugu wa PMPO.

Skrini isikuumize kichwa mwanzoni. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wa picha ni ukuta wako usiomulikwa, hivyo chumba kikiwa na mwanga weusi unakuwa kijivu. Pazia zito dirishani na ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa vitakusaidia kuliko skrini ya bei mbaya. Ukubwa nao upimwe: inchi 100 ni upana wa mita 2.2, inataka mkae mita 4 hivi. Sebule ngapi zina nafasi hiyo?

Kwenye amplifaya (wengine huiita risiva, wakachanganya na ile ya dishi) hesabu matundu ya HDMI, na soma omu. Spika ya omu 4 kwenye mtambo ulioandikiwa 8 itauchemsha.

Wapo watakaosema tunawanyima watu raha. Raha gani ya kulipia namba?

Nenda dukani na filamu yako kwenye flashi. Waambie wapunguze sauti, usikilize maneno. Mwuzaji aandike RMS na ANSI kwenye risiti, na akisita, duka la pili liko jirani.