Ukumbi wa Shule Usiizibe Sauti

Shule zetu za mwambao zilizo jirani na kuta za kale zataka kumbi za muziki na maigizo, nami nazipa haki. Watoto wafanyao mazoezi ya tamasha chini ya mwarobaini huondoshwa na jua, wakarudi, wakaondoshwa na mvua. Ninachokipinga ni ule mchoro mmoja unaopelekwa kila mahali: sanduku la saruji, jukwaa upande mmoja, mabati juu, na mitambo ya kupoza hewa kwa kuwa upepo umefungiwa nje. Mvua ya masika ikiyapiga mabati hayo, mtoto asomaye utenzi hasikiki hata ubeti mmoja. Umeme ukikatika, wazee watatoka nje kujipepea.

Mafundi wetu wa zamani walijua walifanyalo. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari yake ikabebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haivuki mbali bila ya kupinda, chumba kilikuwa kirefu lakini chembamba, upana wake kiasi cha mita 3 hivi. Basi asemaye tujenge ukumbi wa watu 400 kwa mtindo wa Lamu hajaifahamu nyumba ya Lamu. Huyo atabandika matao na milango ya nakshi juu ya saruji, kisha atwambie huo ndio utamaduni.

La kuchukua ni ile akili: kuta nene, ua wa katikati ulio wazi kwa mbingu, ambao Waamu huuita kiwanda, na zidaka za ukutani. Wengi wadhani zidaka ni za kuwekea vyombo vya kaure tu. Lakini ukuta mtupu wa chokaa huirudisha sauti kwa mkupuo mmoja, maneno yakapandana. Ukuta wenye vishimo huivunja na kuitawanya. Kwa sanaa zetu, ambazo neno ndilo roho yake, jambo hili si dogo. Shairi lisilosikika vina lina faida gani?

Mfano uko Unguja. Ndani ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa, zilitiwa ngazi za kukalia watazamaji, jukwaa mbele, na juu hamna dari. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza 1998, na Sauti za Busara, lililoanza 2004, yote mawili yamekusanya watu humo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi nacho, kilipofunguliwa 2002, kiliingia katika jumba kongwe la Forodha, hakikungoja kujengewa kasri. Hatua chache kutoka Ngomeni pana Beit el-Ajaib, jumba la 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na roho za watu zikapotea. Msanifu atakaye kuegemeza dari mpya juu ya ukuta wa kale na aende akalitazame jumba lile kwanza.

Ataniuliza mtu: na mvua je? Ua na uezekwe, lakini kwa paa jepesi lililosimama juu ya nguzo zake lenyewe, lisiguse ukuta wa kale, lipate kuondolewa siku ikihitajika. Chini ya mabati itiwe dari ya kuumeza mshindo. Jengo lisipande likaukinga upepo wa kusi usifike kwa majirani.

Kisha pana ardhi yenyewe. Viwanja hivi vina visima, misingi ya nyumba zilizokufa, na makaburi yasiyo na mashahidi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inazilinda athari kama hizi, lakini mwenye kujua ni kaburi la nani ni mzee wa mtaa. Aitwe kabla jembe halijashuka, asiitwe kuja kusuluhisha.

Na msikiti u karibu. Milango mikubwa na spika zisielekee huko, na ratiba ya mazoezi ipangwe pamoja na imamu, maana Magharibi haiahirishwi kwa ajili ya ngoma. Mlango wa wanawake nao uchorwe tangu mwanzo, wenye baraza yake na njia yake. Nimeona kumbi mbili ambazo mlango huo ulikumbukwa baadaye, ukatobolewa kando ya choo.