Kisu Pekee Hakitoshi

Katika mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo, jirani akisikika kuwa amepasuliwa salama, watu hudhani kwamba hatari imekwisha. Dhana hiyo yafaa isahihishwe. Kwa mgonjwa aliyepasuliwa utumbo mpana, siku zifuatazo wodini zaweza kuwa za hatari kuliko saa zilizopita chini ya kisu.

Utumbo mpana ni makao ya bakteria wasiohesabika. Daktari akiisha kuondoa sehemu yenye saratani, au iliyokufa kwa kujisokota, huziunganisha ncha mbili kwa mshono. Mshono huo ukivuja, kinyesi humwagika tumboni na maambukizo huweza kuenea mwili mzima. Jambo hilo hutokea aghalabu siku kadhaa baadaye, jamaa wakiwa wamekwisha kushukuru. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, pumzi za haraka, homa, na tumbo kujaa na kuuma zaidi badala ya kupata nafuu.

Uvujaji ukigunduliwa mapema, mgonjwa hupewa maji kwa mshipa na dawa za kuua bakteria, na usaha hutolewa kwa mpira. Ikibidi, hupasuliwa tena, na utumbo hufunguliwa juu ya ngozi ili kinyesi kipokewe na mfuko. Mfuko huo si aibu; mara nyingi ni wa muda tu.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu upasuaji wa kila aina katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 5 alipata matatizo. Waliokufa walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi wao walikufa baada ya siku ya upasuaji. Basi kasoro kubwa haimo katika ustadi wa mikono tu, bali katika ulinzi wa mgonjwa.

Wako watakaosema kwamba ulinzi huo ni anasa ya mataifa tajiri. Sivyo. Mwaka 2007 na 2008 orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyo karatasi moja tu, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Vivyo hivyo, kuhesabu mapigo ya moyo hakuhitaji mtambo. Huhitaji saa, kalamu na muuguzi asiyeelemewa na wagonjwa wengi mno. Kuongeza wauguzi wa zamu ya usiku kungestahili kutangulia ununuzi wa mitambo mingi.

Shule nazo zina wajibu. Mwanafunzi wa baiolojia ajifunze kwamba moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Siku atakapoketi kando ya kitanda cha mzazi wake, hesabu hiyo yaweza kumfanya amwite muuguzi kabla muda haujapita.