Mazingira ya eneokazi katika Linux

Mazingira ya eneokazi ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayoonekana kwenye skrini: menyu, madirisha na vitufe. Mifumo mingi ya Linux huja na mazingira yaliyoteuliwa na watengenezaji wake. Mtumiaji anaweza kuyabadilisha, lakini wengi huyaacha yalivyo.

Mwaka 2011 Ubuntu iliacha sura ya kawaida ya GNOME ikaweka Unity. Baadhi ya watumiaji hawakuipenda, wakahamia Linux Mint, iliyodumisha mpangilio wa zamani kwa kutumia MATE na Cinnamon. Mwaka 2017 Ubuntu iliirudia GNOME.

Hata hivyo, toleo kuu la Mint limejengwa juu ya Ubuntu ileile. Waliohama walibadilisha zaidi sura kuliko mfumo wenyewe.