Vigae vya lami sasa vyaezekwa chapuchapu, lakini kasi hiyo ni faida ya nani?

Ukitaja kuezeka nyumba huku kwetu, akili ya wengi inaenda kwa mabati. Marekani ni tofauti. Huko nyumba nyingi za kawaida huezekwa kwa vigae vya lami: vipande vyepesi vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa lami na kunyunyiziwa chengachenga za mawe juu. Ukiona filamu ya mtaa wa Marekani wenye nyumba za paa la kijivu au kahawia, basi hivyo ndivyo unavyoviangalia.

Kwa miaka kadhaa sasa, kampuni zinazotengeneza vigae hivyo zimekuwa kwenye mbio za ajabu kidogo. Hazishindani tu kwa rangi na bei. Zinashindana nani atampunguzia fundi dakika akiwa juu ya paa. Kama wewe ni kijana unayetegemea mjengo, au unasomea ufundi chuoni, mbio hizo zinakuhusu kuliko unavyodhani.

Tuanze na hesabu. Fundi wa Marekani hupima paa kwa skwea, na skwea moja ni futi 100 za mraba. Kigae cha kisasa kina urefu wa karibu mita moja, na kikishafunikwa na mwenzake wa juu, sehemu inayobaki wazi ni kama inchi tano na nusu hivi. Kwa hivyo skwea moja hula vigae 65. Kila kigae hupigwa misumari 4, na maeneo ya upepo mkali misumari 6. Paa la skwea 20, ambalo si kubwa, linahitaji vigae 1,300 na misumari 5,200. Kwenye upepo mkali misumari inafika 7,800. Sasa ukiokoa hata sekunde moja kwa kila msumari, umeokoa zaidi ya saa nzima.

Kwani si kuna bunduki ya misumari? Ipo, na ilishachukua nafasi ya nyundo kitambo. Shida ni kwamba bunduki ina kasi lakini haina macho. Kigae kina mstari maalumu ambapo msumari unafaa kuingia, pale tabaka mbili zinapokutana, ili ushike zote mbili. Ukipiga juu ya mstari huo, msumari unashika tabaka moja tu na upepo unaweza kung'oa kigae. Ukipiga chini sana, kichwa cha msumari kinabaki wazi na maji yanapata njia. Kompresa ikiwa na presha nyingi, msumari unapasua kigae. Ikiwa na presha kidogo, kichwa kinabaki kimesimama. Na mtengenezaji akikuta misumari imepigwa mahali pasipofaa, waranti inaweza kukataliwa. Kumbe kinachomchelewesha fundi si mkono wake. Ni kulenga.

Hapo ndipo watengenezaji walipopagusa. Badala ya kumwambia fundi aharakishe, walipanua shabaha. Owens Corning waliweka utepe wa kitambaa kigumu kwenye mstari wa misumari, ili fundi auone vizuri na msumari ushike. CertainTeed walichora mistari inayoonyesha eneo pana zaidi la kupigia. Mwaka wa 2020 GAF nao walitoa kigae chenye eneo la misumari lililopanuliwa sana, wakidai kwamba kazi ya kupigilia inaweza kwenda kasi hadi asilimia 30 kuliko kigae chao cha awali.

Hayo ni maneno ya muuzaji, kwa hivyo yapime. Asilimia 30 ni ya kupigilia, si ya paa zima. Kuna kubomoa paa kuukuu, kutandika karatasi ya kuzuia maji, kukata pembeni, kuziba kandokando ya bomba la moshi na kusafisha uwanja. Hata hivyo, nako kumepunguzwa muda. Zamani fundi alikuwa akikata vigae mwenyewe ili apate vya safu ya kwanza na vya kufunika mgongo wa paa. Leo vinauzwa vikiwa tayari. Mizigo ya vigae, ambayo kila mmoja una uzito wa karibu kilo 30, mara nyingi hupandishwa na lori lenye mkono wa kuinulia badala ya bega la mtu kwenye ngazi.

Mbona haraka yote hii sasa? Sababu kubwa ni watu. Kazi ya paa Marekani inafanywa kwa wingi na wahamiaji kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Tangu Donald Trump arudi madarakani Januari 2025, misako dhidi ya wahamiaji imefika hadi kwenye maeneo ya ujenzi. Vijana wengi wa huko nao hawaitaki kazi hii. Jua linachoma, lami inanata, na kuanguka ni hatari ya kila siku. Takwimu za serikali yao za mwaka wa 2023 zinaonyesha zaidi ya vifo 50 kwa kila mafundi wa paa 100,000, ilhali wastani wa kazi zote ulikuwa chini ya 4. Mafundi wakiadimika, anayeuza kigae kinachoezekwa na watu wachache ndiye anayepata soko.

Ndiyo maana wengine wameanza kutafuta njia ya kumwondoa fundi kabisa juu ya paa. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha droni iliyobeba bunduki ya misumari na kupigilia vigae. Kampuni ya Renovate Robotics ya New York nayo ilianza kuunda roboti ya kuezeka. Lakini paa halisi lina kona, mabonde na matundu, na huko jicho la fundi bado linahitajika. Kwa sasa kigae chenye mstari mpana kimesaidia watu wengi kuliko roboti.

Sasa tuje kwa swali lenyewe: hiyo kasi inaingia mfuko wa nani?

Mafundi wengi wa Marekani hulipwa kwa skwea. Ukimaliza skwea nyingi kwa siku, unapata zaidi. Hapo kigae cha haraka kinaonekana kuwa baraka. Lakini mwanakandarasi naye anajua kuhesabu. Akiona kazi ya siku mbili inaisha kwa siku moja na nusu, hakuna kinachomzuia kushusha bei ya skwea kwenye mapatano yajayo. Fundi atabaki na jasho lilelile, pesa zilezile, na paa nyingi zaidi za kupanda. Na kila paa jingine ni nafasi nyingine ya kuteleza. Tena anayelipwa kwa skwea huona mkanda wa usalama kama kitu cha kumchelewesha, ingawa sheria ya huko inadai kinga ya kuanguka kuanzia futi 6 kwenye ujenzi.

Huku kwetu tumeyaona haya kwa sura nyingine. Mabati yanayokatwa kiwandani kwa urefu wa paa lako, bati moja kutoka juu hadi chini, yamepunguza maungio na siku za kazi. Drili na skrubu zenye raba zimechukua nafasi ya nyundo na misumari kwenye nyumba nyingi. Je, fundi wako amepandishiwa malipo kwa sababu anamaliza mapema? Kama analipwa kibarua cha siku, kumaliza haraka ni kujikata mshahara. Kama amechukua kazi kwa mapatano ya jumla, kumaliza haraka ni kupata nafasi ya kazi nyingine. Drili ni ileile, paa ni lilelile, lakini mmoja anakula hasara na mwingine faida.

Kwa hivyo kabla hujakopa pesa ununue bunduki ya misumari au drili ya maana, angalia kwanza unalipwaje. Kubaliana bei ya paa zima, si ya siku, ukishajua kasi yako. Weka usalama ndani ya hesabu hiyo: mkanda, ngazi imara, na mtu wa mkono aliye chini. Jua pia kwamba sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia ya Majeraha Kazini, zote za mwaka 2007, zinambana mwajiri. Nyapara asikudanganye ati kibarua hana haki.

Somo kubwa la vigae vya lami liko kwenye ule mstari uliopanuliwa. Wahandisi waliacha kumlaumu fundi kwa kukosea shabaha, wakaipanua shabaha. Kazi ikawa ya haraka na ikawa bora kwa wakati mmoja. Mwenye mjengo akikuhimiza uharakishe, muulize amebadilisha nini kwenye vifaa, mpangilio na malipo. Kama jibu ni hakuna, basi hiyo haraka anaitoa mgongoni mwako.