Sanduku Jipya, Nyaya za Zamani

Kadiri mji wa Tunduma ulivyozidi kutanuka kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, nyumba nyingi za zamani zimeongezwa chumba baada ya chumba, kwa ajili ya wapangaji na kwa ajili ya madereva wa malori wangojao kuvuka kwenda Nakonde. Na kila kilipoongezwa chumba, waya ulivutwa kutoka chumba jirani, pasipo mtu kuuliza kama waya ule wa kwanza ulikuwa na uwezo wa kuchukua mzigo wa pili. Leo wenye nyumba hizo, waliochoshwa na fyuzi zikatikazo kila pasi na jiko viwashwapo pamoja, wanaweka masanduku mapya yenye breka, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini aghalabu sanduku likiisha kufungwa, swichi ya mvujo, ambayo mafundi huiita ethi likeji, huanguka usiku ule ule na nyumba nzima ikaingia giza. Mwenye nyumba hunung'unika kwamba ameuziwa sanduku bovu, na fundi, kwa haya au kwa haraka ya kazi nyingine, huiondoa swichi ile na kuunga nyaya moja kwa moja. Taa huwaka, watu hushukuru, na hatari hubaki palepale ilipokuwa.

Kitendo hicho nakikataa kwa nguvu zangu zote, kwa sababu sanduku halikukosa, bali limesema kweli. Fyuzi ya waya hujua jambo moja tu, nalo ni wingi wa mkondo: ukizidi, huyeyuka. Swichi ya mvujo hupima mkondo uendao kwa waya wa moto na ule urudio kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30, ambazo kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 7 hivi, hukata mara moja, kwa kuwa kiasi hicho kidogo kikipita mwilini chaweza kumuua binadamu. Basi kasoro zote ambazo fyuzi ilizivumilia miaka nenda miaka rudi hudhihirika siku moja: nyutro iliyogusa ethi ndani ya soketi, nyutro iliyoazimwa kutoka njia isiyopita katika swichi hiyo, waya uliotafunwa na panya au kukaushwa na joto la bati, na kiungo kilichozungushiwa utepe darini kikasahauliwa.

Ubaya wa pili hauna kelele. Breka ya ampea 10 ikianguka mara kwa mara, huwekwa ya ampea 32 juu ya waya uleule wa milimita moja na nusu za mraba uliokusudiwa taa. Na tangu hapo waya wenyewe ndio huwaka kwanza, huko darini penye mbao, wakati breka imetulia kana kwamba hapana neno. Wala rangi za nyaya si za kutegemewa katika nyumba iliyotiwa umeme kwa vipindi viwili: buluu, ambayo katika nyaya za zamani za fezi tatu ilikuwa moto, leo ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro yaweza leo kuwa moto. Fundi akiamini macho badala ya kipimo, anaihatarisha roho yake na ya mwenye nyumba.

Mazungumzo yetu ya umeme mkoani Songwe huishia kwenye nguzo, na hasa sasa, kwa ajili ya njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga. Ni mazungumzo ya haki. Ila dhamana ya TANESCO hukoma kwenye mita ya LUKU, na nyaya zote za baada ya hapo ni mali na jukumu la mwenye nyumba. Umeme ulio bora hauponyi waya uliooza.

Najua gharama ni nzito, hasa kwa mjane au mstaafu ategemeaye kodi ya vyumba vichache. Hata hivyo haihitajiwi kubomoa kuta zote kwa siku moja. Fundi mwenye leseni ya EWURA hufungua kila njia ya umeme peke yake, huipima kwa mega, yaani kipimo cha uzima wa ganda la waya, ya volti 500, na njia isiyofika megaohmu 1 huachwa nje ya sanduku mpaka itengenezwe. Chumba kimoja chaweza kukaa na kandili majuma mawili, na nyumba iliyobaki ikawa salama.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba wa Tunduma, Mlowo na Vwawa: mnapopatana bei ya sanduku, patanani pia bei ya siku ya kupima, mdai vipimo vya kila njia kwa maandishi, na msimlipe fundi aliyeiondoa swichi ya mvujo ili taa ziwake. Nanyi wapangaji, ombeni kuonyeshwa karatasi hiyo kabla ya kutoa kodi.